Msing'oe Mapacha

Ukitaka kumuudhi Kulwa, mwambie kwamba palizi ni kazi ya yeyote mwenye mikono miwili. Hatakujibu. Atakutazama kuanzia miguuni kwenda juu, vile anavyoutazama mche, na utajikuta unajiuliza kama wewe ni wa kubaki au wa kung'olewa. Kasoli nzima inamjua mama huyu kwa jicho lake, hata wale wanaolima pamba tu na hawajawahi kuingiza mguu kwenye tope la mpunga. Ana miaka sitini na mbili. Mgongo umeanza kumgomea na magoti yalishamgomea zamani, lakini jicho lilikuwa zima. Nasema lilikuwa, kwa sababu yaliyompata yalianzia hapohapo kwenye jicho.

Kundi lake la palizi lilikuwa na wanawake kumi na wawili. Kila Februari na Machi waliingia kwenye majaruba ya mpunga, yao na ya jirani zao, wakainama mstari mmoja huku maji yakiwafika vifundoni, wakiimba ili migongo isahau. Adui yao alikuwa mmoja, mpunga pori. Kwa asiyejua, huo ni mpunga tu: unaota penye mpunga, una majani ya mpunga na suke la mpunga. Tofauti ni kwamba punje zake zikikaribia kukomaa hudondoka zenyewe, mundu haujafika, zikazama topeni na kulala humo zikisubiri mvua ya mwaka mwingine. Zile chache zinazowahi kuingia guniani, ukizikoboa unakuta nyekundu. Mtu mwenye mpunga pori mwingi atalima, atapanda, atafukuza ndege tangu asubuhi mpaka jioni, halafu atavuna majani.

Namna ya kuutambua, Kulwa aliifundisha kwa maneno mawili: tazama mguu. Mche wa mpunga pori ulikuwa na wekundu pale shina linapoingia topeni, na majani yake yalitanuka ovyo pembeni. Kulwa aliuona akiwa hatua tano. Alisema "Mguu" bila kuinua kichwa, na mwanamke aliyekuwa karibu alijua la kufanya. Waling'oa maelfu kwa maelfu, wakairundika tutani ikauke juani, mizizi juu.

Kulikuwa na sharti moja tu. Pale mlipokuta mche wa mpunga na mche mwingine imesimama pamoja kwenye shina moja, imefanana kila kitu, huwezi kusema huu ndio na huu sio, mliacha yote miwili. Hawa waliitwa mapacha. Mwanamke mgeni akijiunga na kundi, sharti hili alipewa kabla hata ya kuonyeshwa pa kuweka kandambili zake. Msing'oe mapacha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kila mtu Kasoli alijua Kulwa ni nani na amezikwa nani pale pembeni ya jaruba la mama yake.

Msukuma akizaa mapacha, wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hapo hakuna mjadala wa jina. Kulwa huyu na Doto wake walifanana mpaka baba yao alikuwa akiwaita wote "wewe". Mama yao tu, Nyanjige, ndiye aliyewatenganisha bila kufikiri. Nyanjige ndiye aliyekuwa na lile jicho kabla ya binti yake, na mbegu ya mpunga waliyopanda ilikuwa yake, aliichagua suke kwa suke tangu alipoolewa, mpaka watu wakaiita mbegu ya Nyanjige. Wasichana walipofika miaka tisa walikuwa tayari kwenye mstari wa palizi, mmoja kulia kwa mama, mwingine kushoto.

Siku moja walibadilishana nafasi. Kulwa alitaka kuwa upande wa kushoto kwa sababu kule maji yalikuwa haba, akamshika Doto mkono, wakapishana nyuma ya mgongo wa mama yao wakicheka kimya kimya. Baada ya hatua chache Doto aliweka mkono kwenye shina lililokuwa na nyoka. Nyanjige alimbeba akikimbia juu ya tuta, na muda wote alikuwa akilia jina moja, Kulwa, mwanangu Kulwa, kwa sababu upande wa kulia ndiko alikomwacha Kulwa. Mtoto akafa kabla hawajafika barabarani, akiwa anaitwa jina lisilo lake. Kulwa alikuwa nyuma yao anakimbia. Alimshika mama yake khanga akamwambia, "Mayu, Kulwa ni mimi."

Nyanjige alimtazama muda mrefu kuliko mama anavyopaswa kumtazama mwanawe. Doto akazikwa pembezoni mwa jaruba, penye udongo wa majimaji, kama bibi zake walivyoamuru kwa kuwa alikuwa pacha. Msimu uliofuata, mama yake alipokuta miche miwili iliyofanana kwenye shina moja, mkono wake ulishuka, ukasimama hewani, ukarudi. Alisema waiache. Alisema asiyejua yupi ni yupi asiguse. Sharti lilianza hapo, na Nyanjige alipokufa likabaki mikononi mwa Kulwa pamoja na mbegu.

Kulwa aliliheshimu kwa moyo wote. Nakwambia hili ili usimwone mjinga. Kila alipofika kwenye mapacha, hata akiwa hoi kwa uchovu, alipunguza mwendo, akasema "Mwangaluka" taratibu kama anavyosalimiwa mtu asubuhi, akavuka. Aliolewa na Josia, mfugaji asiye na maneno mengi, akazaa watoto watano, akawapoteza wawili, akamlea kitinda mimba wake Scola mpaka akawa mwanamke mwenye vishindo vyake. Katika yote hayo Doto alikuwa wa kuonwa mara moja kwa mwaka, Machi, mpungani. Ilimtosha.

Mambo yaliharibika polepole, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna siku ambayo Kulwa angeweza kuinyooshea kidole. Misimu ilivyokwenda, "miguu" ikapungua. Wanawake walifurahi. Walisema wameushinda mpunga pori, wakafanya kazi kwa siku chache na kuimba zaidi. Ila mapacha waliongezeka. Kwanza walikuwa wachache wa kuhesabika, baadaye kila hatua chache, baadaye Felisita, rafiki yake wa tangu usichana, akasema kwa utani kwamba ukoo wa Doto umekuwa mkubwa kuliko wa Kulwa. Kulwa alicheka, lakini jioni ile hakula vizuri.

Halafu ukaja mwezi wa tano wa mwaka mbaya. Kulwa alikwenda jarubani alfajiri, ukungu ukiwa bado chini, kutazama kama mpunga uko tayari kwa mundu. Kwa macho ulikuwa mzuri ajabu, umesimama sawasawa, hakuna mche uliochepuka. Akaingia katikati. Alipougusa tu kwa kiuno, ukaanza kudondoka. Punje zilianguka kwenye maji yaliyobaki, tap, tap, mbele yake na nyuma yake, na alipogeuka kuona ni nani anayemfuata, zikaanguka zaidi. Akasimama asipumue. Hata aliposimama ziliendelea, upande wa kaburi la Doto, pale ambapo hakuna aliyekuwa amepagusa. Aliporudi tutani aliona njia yake katikati ya shamba, mstari wa masuke matupu yaliyosimama wima.

Alichovuna kilikuwa robo ya kawaida. Akapeleka magunia mawili kwenye mashine ya Nuruddin, yule mkoboaji wa sokoni ambaye baba yake alitoka Tabora na mama yake Ujiji, mtu mpole asiyependa ugomvi na mteja. Nuruddin aliukoboa, akachota mchele kwenye kiganja, akamwita pembeni ili wengine wasisikie. Alimwambia kwa heshima zote kwamba mchele wa mama Scola anaujua miaka ishirini, na huu siyo. Ulikuwa umechanganyika wekundu kila mahali. Kulwa alirudi nao nyumbani akauweka sakafuni, akakaa akiutazama mpaka Josia akauliza kama leo hawali.

Ndipo woga ukamwingia kikweli. Felisita hakusema kwa utani tena. Alisema aliyekufa akiitwa jina la mwenzake hawezi kutulia, na sasa anarudi amevaa sura ya mpunga, anadai. Alijua mtu huko Migato, mganga wa kuzungumza na waliokufa. Kulwa hakukataa wala hakukubali. Kila alipopita karibu na jaruba alitembea haraka, na mara mbili alimwambia Josia kwamba ameitwa akiwa kule, kwa jina la Doto. Josia alimwuliza kama aliitika. Kulwa akasema ndiyo.

Aliyewahi kuja, kabla mtu wa Migato hajaitwa, alikuwa Philomena, afisa ugani mpya wa kata, mama wa makamo kutoka Nyalikungu, mnene, mwenye pikipiki na tabia ya kuuliza swali moja mara tatu. Nuruddin ndiye aliyemtonya. Philomena alisikiliza habari yote tangu mguu mwekundu hadi mapacha, hakucheka, hakumkatiza Kulwa. Alipomaliza kusimuliwa, Philomena akauliza kama kuna jaruba la jirani ambalo halijapaliliwa miaka mingi. Lilikuwapo, la Mashaka, aliyehamia Bariadi mjini na kuliachia nyasi. Mle mpunga pori ulijiotea bila mtu. Philomena akachota tope la jaruba la Mashaka akalijaza kwenye madebe matano ya mafuta ya kula, akachota la jaruba la Kulwa akajaza matano mengine, akayapanga nyuma ya nyumba ya Kulwa na kumwomba ayamwagilie.

Baada ya wiki tatu miche ikasimama. Kulwa aliichuchumalia asubuhi moja peke yake. Kwenye madebe ya Mashaka aliuona mpunga pori wa utotoni mwake, mguu mwekundu, majani yametanuka, adui yuleyule aliyemzoea, na nusura amfurahie. Kwenye madebe yake miche yote ilikuwa ya kijani mpaka topeni, imenyooka, mizuri. Hakuna punje ya mpunga iliyopandwa mle. Alijua hivyo. Bado jicho lake, jicho lile la miaka hamsini, lilimwambia kwamba huu ni mpunga wa mama yake.

Philomena alipokuja walikaa kwenye vigoda kati ya madebe, na Kulwa akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaba tangu mwezi wa tano.

"Nani aliufundisha kujificha?"

"Hakuna aliyeufundisha, mayu. Mpunga pori hauna akili."

"Basi huo mpunga pori ulijuaje kwamba naangalia mguu?"

"Haukujua. Zamani, katika miche elfu, pengine mmoja ulizaliwa na mguu wa kijani, kama vile mtoto anavyozaliwa na kidole cha ziada, bila sababu ya kukueleza. Mliing'oa ile mia tisa tisini na tisa. Ule mmoja ukafanana na mpunga, mkasema ni pacha, mkauacha. Ukadondosha mbegu zake. Mwaka wa pili ilikuwa minne, mwaka wa tatu ishirini. Na kati ya hiyo, uliosimama wima zaidi ndio uliopona zaidi. Yaliyobaki ni hesabu ya miaka."

Philomena aliendelea taratibu, kwa sababu aliona yanamwingia Kulwa. Alisema hivyo ndivyo viumbe vyote vinavyobadilika, vingi huzaliwa, havifanani sawasawa, kitu fulani kinaondoa baadhi na kubakiza baadhi, na vilivyobaki ndivyo vinavyozaa. Porini kinachoondoa ni ukame, au ugonjwa, au simba anayemkamata swala asiye na mbio. Hapa jarubani kilichoondoa kilikuwa mkono. Akamwonyesha pia jambo ambalo Kulwa mwenyewe alikuwa ameliona msimu hadi msimu asilipe maana: mpunga pori wa Mashaka huchanua wiki tatu kabla, na huu wa Kulwa huchanua siku moja na mpunga. Ndugu hawa wawili wa damu moja hawakutani tena wakati wa kuchanua, hawapeani chavua. Vikiachwa hivyo miaka mingi sana, maelfu, kila kimoja kikienda njia yake, itafika siku hata ukivikutanisha havitazaa pamoja. Aina moja itakuwa imekuwa mbili.

"Kwa hiyo si Doto," Kulwa alisema.

"Si Doto."

"Ni mimi."

Philomena alitaka kusema jambo la kumfariji, akaona halipo. Akasema, "Ni mkono wako, mayu. Hukukusudia."

Ungedhani angepata nafuu. Watu wengi husema ukishajua sababu ya kitu, kitu hakikutishi tena. Hao hawajawahi kutishwa vizuri. Doto angekuwa ndiye anayedai, Kulwa angejua la kumwambia. Angempikia, angemwomba radhi kwa ile nafasi waliyobadilishana, wangelia pamoja yakaisha. Sasa alikaa mbele ya kitu kilichovaa sura ya mpunga na ndani yake hamna mtu. Hakidai, hakisikii, hakina kinyongo. Alikisalimia mwaka baada ya mwaka, na hakukuwa na aliyesalimiwa. Aliniambia jirani yangu aliyekuwa kwenye kundi lile kwamba kuanzia siku hiyo Kulwa aliacha kuimba.

Kilichokuwa kimebaki ni mbegu. Kwenye kihenge cha Kulwa kulikuwa na mbegu ya Nyanjige, imeshapurwa, imepepetwa, imetengwa kwa ajili ya msimu. Na sehemu yake ilikuwa imeahidiwa. Scola alikuwa amepata jaruba kwa mumewe huko Migato, jaruba jipya, udongo mweusi usiowahi kupandwa mpunga, na tangu akiwa binti mdogo alikuwa ameambiwa kwamba siku atakayokuwa na jaruba lake atapewa mbegu ya bibi yake, kama mama yake alivyopewa. Philomena alichota kiganja kimoja kutoka kwenye kihenge, akakimenya punje kwa punje juu ya ungo. Katika kila punje kumi, moja ilikuwa nyekundu. Nje zilifanana zote. Huwezi kuijua bila kuikoboa, na ukishaikoboa haioti.

Ushauri wake ulikuwa wa kukatisha tamaa. Mbegu yote iliwe, isipandwe hata kiganja. Majaruba ya kundi yapumzike mpunga misimu miwili. Mvua ya kwanza ikiotesha mpunga pori, maksai waingie waugeuze na plau, uote tena, ugeuzwe tena, halafu maji yakikauka wapande dengu. Mwaka wa tatu waanze na mbegu mpya ya kituo cha utafiti wa kilimo. Na sharti la mapacha life.

Wanawake walimwangalia Kulwa. Nitakueleza alichokifanya, ingawa mwenyewe hakipendi. Alishona mfuko mdogo wa kitambaa, akaujaza mbegu ya Nyanjige, akaufunga, akauweka chini ya nguo zake kwenye sanduku akimsubiri Scola. Alijiambia kwamba moja katika kumi si nyingi. Alijiambia kwamba Scola ana macho mazuri.

Scola alifika Novemba, amebeba kuku wa zawadi, anacheka kabla hajafika mlangoni. Aliuliza habari za kila mtu mpaka za ndama, akanywa chai, akaanza kusimulia jaruba lake, jinsi udongo wake unavyonata, jinsi atakavyopanda mbegu ya bibi upande wa mashariki kwanza. Alisema atalipalilia mwenyewe kama alivyofundishwa. "Naangalia mguu, na mapacha siwagusi," akasema kwa majivuno, kama mtoto anayemsomea mama yake alichojifunza shuleni.

Kulwa alikuwa ameshainuka kwenda kwenye sanduku. Aliposikia hayo alisimama katikati ya chumba. Aliliona jaruba la Migato likiwa na mistari ya masuke matupu, na Scola akiwa na miaka sitini anageuka kuona ni nani anayemfuata. Alikwenda akautoa mfuko, lakini hakumpa. Alitoka nao nje mpaka jikoni, Scola akimfuata akidhani ni utani, akaumwaga wote kwenye kinu na kuanza kuutwanga. Scola alilia. Alisema mama yake amemnyima urithi wake mbele ya macho yake. Kulwa aliendelea kutwanga mpaka maganda yakatoka, punje nyeupe na punje nyekundu zikalala pamoja, akamwinamishia kinu aone.

"Tazama," alisema. "Nilitaka kukupa hii."

Waliula wali ule jioni, wawili na Josia, kwa kuku aliyekuja naye Scola. Ulikuwa mtamu, hilo Josia alilisema na akanyamazishwa. Siku zilizofuata Kulwa alimaliza kihenge chote hivyohivyo, akipika na kugawa kwa jirani, mpaka pakabaki vumbi. Mbegu ambayo Nyanjige aliichagua suke kwa suke iliishia matumboni mwa watu wa Kasoli, na wengi wao hawakujua walikuwa wanakula nini.

Misimu miwili ikapita ya plau na dengu. Kila mvua ya kwanza Kulwa alikwenda kutazama mpunga pori ukichipua kwa wingi juu ya udongo mtupu, kijani kibichi, wa kupendeza, na kila mara alisimama pale mpaka Josia na maksai wake wakaugeuza wote. Hakuwahi kuondoka kabla haujaisha. Philomena alimwambia haihitajiki awepo. Alijibu kwamba aliupanda, basi atausindikiza.

Mwaka wa tatu walipanda mbegu mpya, mpunga mfupi usio na jina la mtu. Machi ilipofika kundi likaingia majini. Wengine walikuwa wameondoka, Felisita alikuwa amekaa tutani kwa sababu ya miguu, na Scola alikuwa amekuja kutoka Migato kusaidia tangu wakati wa kupanda, maana walishapatana. Sharti jipya Kulwa alilisema asubuhi ile mara moja tu: mkikuta miwili inafanana, ng'oeni yote. Wakaitika. Jaruba lilikuwa safi, waliona "miguu" michache tu iliyoletwa na maji kutoka kwa Mashaka, na kufika saa nne baadhi yao walikuwa wameanza kuimba.

Mstari ulipofika upande wa kaburi, nyimbo zikakatika. Kulwa alikuwa nyuma kidogo kwa sababu ya magoti. Aliinua kichwa akaona wote wamesimama, mikono yao imelowa, wanamsubiri. Mbele ya Scola, hatua mbili kutoka kwenye udongo wa Doto, miche miwili ilikuwa imesimama kwenye shina moja. Hakuna aliyeigusa. Walikuwa wameitika asubuhi, lakini mkono uliofundishwa miaka yote hiyo hausikii siku moja.

Kulwa akasogea. Aliinama akaiangalia mguu, wa kijani na wa kijani. Akaangalia pale jani linapokumbatia shina, akapapasa kwa kidole gumba, akasugua jani akanusa. Akaichuchumalia kabisa, maji yakamlowesha sketi, akaitazama kwa jicho lote alilonalo. Mmoja ulikuwa mpunga halali uliopandwa kwa mkono wa Scola mwenyewe. Hakujua ni upi.

"Mayu, acha hii tu," Scola alisema kwa sauti ya chini. "Hii miwili tu."

Kulwa alikuwa analia, na hakuficha. Hakusema Mwangaluka. Aliweka mkono wa kulia kwenye mche mmoja na wa kushoto kwenye mwingine, akavuta, na yote miwili ikatoka na tope lake.

"Kulwa ni mimi," alisema, akielekea upande wa kaburi.

Akaipeleka tutani, akailaza juani, mizizi juu, wala hakuiangalia tena. Kisha akarudi majini, akachukua nafasi yake upande wa kulia wa Scola, akawaambia waendelee.